Skrubu Iliyo Ndani ya Bahasha Hii

Mwanangu Rukia,

Salamu nimezifupisha, utanisamehe. Naandika katika chumba cha juu, alasiri hii ya Jumapili, nawe uko Makupa wapekua maduka ya spea kutafuta pampu ya dizeli iliyotumika. Nataka nimalize kabla hujarudi. Nikimaliza nitaiweka barua kwenye kiti cha dereva, pale gari lilipo kando ya Ngome ya Yesu, kwa sababu nakujua: kabla ya kuingia nyumbani utapita kwanza kulitazama.

Pampu usinunue. Ukiwa umeshanunua, irudishe. Pampu ya gari letu, Ndovu, ni nzima.

Nina hakika ni nzima kwa sababu aliyelifanya gari lisiwake ni mimi. Nimelifunga mimi, kwa mikono yangu, juzi Ijumaa baada ya swala. Maneno hayo nimeyaandika mara tatu kwenye karatasi nyingine nikazichana, na mara hii ya nne nimeamua yakae.

Nakuona umesimama hapo na barua mkononi, huamini. Soma tu, mwanangu. Hasira zako ni haki yako na sitaziomba zipungue, lakini soma mpaka mwisho, kwa sababu mwishoni ndipo nilipoeleza gari litakavyowaka.

Kesho alfajiri ulikuwa uondoke. Jumanne asubuhi wanakungoja Garsen, kwenye mradi wa visima, uwe fundi wa pampu zao za maji. Sharti lao kubwa walilokuandikia ni kwamba uje na gari lako mwenyewe, la kuvuta magurudumu yote manne, kwa sababu ya mchanga na matope ya huko. Usipofika siku hiyo, kazi atapewa aliyekufuatia. Yote hayo nayajua vizuri. Barua yao niliisoma mimi kwa sauti, mamako akisikiliza, na ni mimi niliyesema, "Gari unalo. Chukua Ndovu."

Mzazi mwingine angekuandikia uchemshe maji ya kunywa, ulale chini ya chandarua, usiache kuswali. Hayo mamako ameshakwambia tangu mwezi uliopita, na atakwambia tena. Mimi nina jingine la kukwambia, na ni zito kulitoa.

Tuanze na lile unalolijua. Jina la Ndovu ulilitoa wewe, na miaka minne ulikuwa hujatimiza, kwa sababu ya rangi yake ya kijivu na ule mlio wake wa asubuhi. Ulikuwa ukikaa juu ya gurudumu la akiba, miguu yaning'inia, ukinipa spana. Nilikuwa nikikutajia namba, nawe unanipa ileile, hujui kusoma bado. Ulipotimiza miaka kumi na miwili ulijua kutoa upepo kwenye filta peke yako. Nakumbuka siku ya kwanza dizeli iliporuka ikakupiga usoni, ukacheka mpaka ukakaa chini. Majirani hawakucheka. Waliniuliza mlangoni mwa msikiti, "Fundi Mbwana, huyo binti utamwoza kwa spana?" Nikawajibu, "Atakayemtaka ataleta gari bovu, tuone kama yuwafaa." Walicheka kwa adabu wakaondoka. Mimi nilikuwa na fahari iliyonijaa kifua, na mpaka leo ninayo. Nalisema hili mapema ili lile la baadaye lisije likakufanya ulisahau.

Nilikufundisha kwamba dizeli haina maneno mengi: yataka mafuta safi, yataka hewa, yataka kugandamizwa kwa nguvu mpaka ipate moto. Kimoja kikikosekana halishiki. Na nilikufundisha kuanza na lililo rahisi. Hilo sikulipata kwa akili, nililipata kwa aibu. Nilipokuwa Shimanzi kwenye karakana ya malori, tena nina miaka kumi ya kazi na kila mtu aniita bingwa, lilikuja lori lisilowaka. Nilifungua filta, nikafungua mapaipu, nikafungua pampu yote nikaitandaza juu ya gunia, vipande vyote vimepangwa. Dereva alikaa pembeni anatafuna njugu tangu asubuhi. Adhuhuri akaniuliza kwa upole, "Fundi, hivi mafuta yamo?" Geji ilikuwa imekwama kwenye nusu. Tangi lilikuwa kavu. Karakana nzima iliniita Fundi Njugu mwaka mzima, nami niliwaacha, kwa sababu walikuwa na haki.

Kwa hivyo jana, Jumamosi, ulipotia ufunguo na Ndovu likazunguka bila kushika, nilisimama nyuma yako nikakutazama unavyofanya kazi. Laiti ningekuwa natazama kwa moyo safi, ningesema sijapata kuona kazi iliyopangika kama ile. Hukuvamia. Ulisikiliza kwanza. Ukasema stata yazunguka kwa kasi yake, basi betri na stata havina neno. Ukaenda nyuma ukatazama bomba la moshi, ukarudi umekunja uso.

"Baba, moshi hautoki hata chembe."

"Sasa?"

"Mafuta hayafiki. Yangefika hata kidogo, lingetoa moshi mweupe."

Ulikuwa sawa. Ukatazama tangi kwa kijiti, si kwa geji. Ukafungua kizibo cha chini cha filta kuona kama kuna maji, maana hewa yetu hii ya chumvi haiachi tangi salama, ukakuta dizeli safi. Ukapiga pampu ndogo ya mkono, ukatoa upepo kwenye filta, ukatoa kwenye pampu kubwa, mafuta yakaja bila povu. Ukalegeza nati za mapaipu yanayokwenda kwenye nozeli, ukamwomba Kombo azungushe ufunguo. Kombo aliacha meza yake ya vinyago na watalii wawili wakiulizia kifaru cha mti, akaja kuzungusha, na kwenye mapaipu hakikutoka kitu. Mafuta yaingia kwenye pampu na hayatoki. Kombo akasema, "Bibiye, gari hili lishakuwa la makumbusho. Liingizeni Ngomeni, watu walipie kulitazama." Ulicheka kwa ajili yake, lakini nilikuona ukijifuta jasho kwa kiwiko na macho yamekuwa mekundu.

Halafu ukaniuliza lile swali. Najua unalikumbuka, lakini nataka liandikwe.

"Baba, na ile kebo ya kuzimia? Upande wa pampu umeuangalia?"

Ulikuwa umeshagusa kidude cheusi kwenye deshibodi, kile cha kuvuta ili injini izime. Kilikwenda mbele na nyuma kama kawaida. Lililobaki ni kutazama mwisho wa kebo, pale inaposhika kimkono kidogo cha chuma kilicho ubavuni mwa pampu. Kimkono hicho kikivutwa, mafuta yamefungwa. Kiko upande wa ndani, kwenye kiza, hakionekani ila kwa kioo au kwa kidole. Ulikuwa umeshaanza kuinama.

Nikakujibu, "N'shauangalia. Hauna neno."

Ukainuka. Hukuniuliza mara mbili. Ukasema, "Basi ni pampu," na sauti yako ikashuka, kwa sababu unajua pampu ikienda kutengenezwa haitoki kabla ya wiki tatu.

Niliyoyafanya Ijumaa ni haya. Nilitoa skrubu inayobana kebo kwenye kile kimkono, ili kidude cha deshibodi kiende na kurudi bila kufanya lolote. Kisha nikakivuta kimkono mpaka mahali pa kuzima, nikakifunga kwa waya mwembamba hapo hapo. Kazi ya dakika kumi. Nilikuwa hata sijabadilisha kanzu yangu ya swala, niliikunja tu mikono. Watu walikuwa wanatoka msikitini wananisalimu, "Fundi, mwamtayarisha binti?" Nami naitika, "Alhamdulillahi, twamtayarisha."

Sasa nikwambie kwa nini, nawe usiniamini haraka, kwa sababu hata mimi niliichukua sababu ya kwanza nikadhani ndiyo yote. Niliogopa njia. Hakuna asiyejua habari za barabara ya Garsen, mabasi yakisimamishwa porini, magari yakingojana yaende kwa msafara na askari mbele. Nilikuwa nikilala naona Ndovu limesimama katikati ya mchanga na wewe peke yako chini ya boneti. Woga huo ni wa kweli na ninao hata sasa. Lakini nimekaa na nafsi yangu tangu jana nikaiuliza, na ikanijibu kwamba kama ni majambazi tu, ningekwambia. Tungekaa tukazungumza, ungenisikiliza, ungeamua. Mtu anayeogopa barabara huzungumzia barabara. Mimi sikuzungumza. Nilichukua waya.

La pili ni kwamba sina tena mtu. Masikio yangu yamepungua, siku hizi injini ikigonga siwezi kujua ni valvu au ni nozeli mpaka uniambie wewe. Shimanzi wamenistaafisha. Ninachobakiwa nacho ni ile saa yetu ya jioni kando ya Ngome, wewe waniambia ulichosikia nami nakwambia maana yake. Nilipowaza saa hiyo haipo, nilihisi nimekufa kabla ya siku yangu. Ni neno la kitoto kwa mzee wa miaka sitini, lakini ndilo.

Na la tatu, mwanangu, ndilo lililonifanya nishike kalamu. Hii si mara ya kwanza. Gari hilihili nilishalifunga zamani, na aliyekuwa aondoke alikuwa mamako.

Wewe ulikuwa hujazaliwa. Tulikuwa na mwaka mmoja wa ndoa. Mwanaisha alikuwa amesoma, tena vizuri, na alikuwa amepata nafasi kwenye chuo cha ualimu huko bara. Babake, Mungu amrehemu, hakukataa. Aliweka sharti moja kama walivyokuwa wakiweka wazee wa mji huu: aende, lakini apelekwe na mumewe mwenyewe, amkabidhi kwa mkono kwa walimu wake, asipande basi na watu asiowajua. Nami nikasema nitampeleka. Nikaliazima Ndovu, wakati huo ni gari la tajiri wangu wa Shimanzi, kabla hajaniuzia, bado jipya, hata harufu ya rangi ilikuwa haijatoka. Nafasi ya chuoni ilikuwa inangoja mpaka siku fulani, ikipita inakwenda kwa mwingine. Sawasawa na yako.

Usiku wa kuamkia safari niliwaza nyumba bila yeye miaka miwili. Nikawaza walimu wa kiume wa huko. Nikawaza atarudi anajua mambo ambayo mimi fundi sijui, atanitazama kwa jicho jingine. Alfajiri nilitangulia kwenye gari, nikalegeza nati moja ya paipu ya mafuta, nusu zamu tu, ivute upepo. Halafu nikaenda kumwita. Gari likakataa.

Siku tatu nilikuwa nikijifanya natengeneza. Kila asubuhi mamako alikaa kwenye kiti cha ukumbini, buibui amevaa, sanduku liko miguuni. Jirani wakimuuliza anajibu, "Gari lasumbua kidogo, fundi yuko." Fundi yuko! Neno hilo bado lanichoma. Siku ya nne, nafasi imeshapita, nilikwenda nikakaza ile nati, gari likashika mara moja, na watu wakanipa mkono. Tajiri wangu aliniita hodari. Nilikuja nyumbani nikamwambia mamako nimelipata, ni nati ndogo tu, nani angedhani. Akasema, "Hewallah." Akavua buibui, akaenda kuwasha moto apike.

Hakuliomba tena. Umekua ukimwona akifundisha watoto wa mtaa kusoma, pale ukumbini, ubao wake ni mlango wa kabati aliopaka rangi nyeusi mwenyewe. Ulikuwa ukiniuliza kwa nini kabati letu lina mlango mmoja mweusi na mmoja wa kahawia. Nilikuwa nakujibu mamako apenda hivyo. Sasa wajua ulikotoka ule mlango.

Miaka ishirini na mitatu nilidhani hakuna ajuaye. Tena nilikuwa nimeshajisamehe, au tuseme nimesahau, na kusahau kulinifaa vilevile. Mpaka jana mchana.

Ulikuja kula, mikono yako ni myeusi mpaka kwenye viwiko. Mamako akaleta birika na beseni kama kila siku, akaanza na wewe. Maji yalishuka meusi, akakumiminia mara ya pili, mara ya tatu, akakupa sabuni ya unga, na bado kucha zilikuwa na weusi, ukasema, "Basi Mama, nitakula kwa kijiko." Kisha akaja kwangu. Nikanyoosha mikono. Akamimina, na maji yakaanguka kwenye beseni safi kama yalivyotoka. Alisimamisha birika. Alitazama mikono yangu muda ambao wewe hukuuona, kwa sababu ulikuwa unamwaga mchuzi juu ya wali huku unaongea habari za pampu.

"Mikono yako safi, Babake Rukia," akasema.

Nikasema, "Rukia ndiye aliyefanya kazi leo, mimi nilikuwa namwelekeza tu."

Akaliondoa beseni. Ulipotoka alinifuata kwenye kiambaza cha jikoni, taulo bado begani. Wajua mamako hapandishi sauti. Aliniambia hivi: "Mara ile pia siku tatu nilikumiminia maji, na siku tatu yalitoka safi. Sikukuuliza. Nilikuwa mwari wa mwaka mmoja, nilidhani mke haulizi. Sasa nakuuliza. Na huyu pia?"

Rukia, nimeshapigwa na chuma, nimeshaangukiwa na gea boksi kwenye mguu. Sijapata kuumia vile. Alikuwa anajua. Miaka yote hiyo ameniwekea chakula, amenizalia, amenifulia maguo ya grisi, anajua. Nikamwambia, "Naogopa." Akaniambia, "Ogopa, lakini usimfunge." Akaondoka kwenda kuwafungulia watoto wa masomo.

Hapo ningekwenda kwako wakati uleule. Kwa nini sikwenda? Kwa sababu nilipofika kwenye gari na koleo mfukoni, nilipata wazo jingine baya zaidi ya la kwanza. Nilifikiri: nikate waya kimya, nirudishe skrubu, halafu nikuite niseme, "Rukia, nimelipata!" Ungelinikumbatia pale mbele ya Kombo na watalii. Ungekwenda Garsen ukiwaambia watu babako hana mfano, pampu walishaihukumu kufa, yeye akaja akaliwasha. Ningekuwa nimefuta kosa na nimepata sifa kwa mpigo mmoja, kama nilivyofanya zamani. Nilishainua boneti, na mkono ulishaingia. Nikauona ule mkono umeshika koleo, nao ni safi. Nikafunga boneti nikarudi nyumbani.

Kwa hivyo sijakata kitu. Waya uko pale nilipoufunga. Nataka uukute wewe, kwa kidole chako, uguse nilichokifanya. Skrubu yenyewe iko ndani ya bahasha hii, nimeifunga kwenye kipande cha gazeti isipotee.

Fanya hivi. Lala chini ya gari upande wa pampu, peleka mkono wa kushoto juu nyuma ya filta, shuka taratibu mpaka uguse kimkono cha chuma chenye tundu. Waya umezungushwa mara mbili. Ukate kwa koleo, uhakikishe kipande chote kimetoka, kisiangukie kwenye feni. Kimkono kitajirudisha chenyewe kwa springi yake. Ingiza kebo kwenye tundu, tia skrubu, ikaze, halafu mwombe Kombo avute kile kidude cha deshibodi huku kidole chako kiko pale, usikie kinavyotembea. Zile nati za nozeli ulizozilegeza, zungusha stata mpaka mafuta yaruke, kisha uzikaze moja moja. Betri itakuwa imechoka, kwa sababu umeitumia jana kutwa kutafuta ubaya ambao haukuwa kwenye injini. Pumzi iliyobaki itoshe kwa kazi hiyo tu. Kuwasha, liache mpaka kesho.

Na baada ya hapo kagua mengine yote niliyoyagusa wiki hii: breki, boliti za magurudumu, maji ya rejeta. Nimeyafanya kwa uaminifu, lakini huna sababu ya kulichukua neno langu. Huko uendako utakuwa na watu chini yako, na utauliza, nao watakujibu, "Tumeshaangalia." Nenda ukaangalie. Usione haya kumpita mtu mzima ukainama mwenyewe. Jana uliinuka kwa ajili ya heshima yangu, na heshima hiyo niliitumia kukuficha ukweli. Sitaki uipunguze kwa wazee wengine, wengi wao ni bora kuliko mimi. Nataka tu usiipe kazi ya macho yako.

Sijui utanitazamaje leo jioni. Nimejaribu kujiandaa na nimeshindwa. Ukipita ukumbini bila kunisemesha sitakuita. Ukitaka kunigombeza, nigombeze, tena mamako akiwapo, maana ana haki ya kusikia mtu akisema yale aliyoyanyamazia. Mimi nilimwomba radhi jana usiku. Alisema amesikia. Hakusema amesamehe, nami sikuuliza, kwa sababu safari hii nataka nijifunze kungoja.

Jambo moja zaidi, nalo si langu, ameniruhusu nikuandikie. Kiti cha mbele cha upande wa pili nilikuwa nimekiweka changu, nikusindikize mpaka Malindi nirudi na basi. Si changu tena. Asubuhi nilimkuta mamako ameshusha sanduku lake la zamani kutoka juu ya kabati, analipangusa vumbi. Lilelile lililokuwa miguuni mwake siku zile. Nikamuuliza, "Wenda wapi?" Akasema, "Garsen. Wasema huko shule iko na walimu hawatoshi, watoto wakaa chini ya banda la makuti wamngoja mtu. Nitamsaidia binti yangu kupanga nyumba, halafu nitatazama." Nikauliza atakaa siku ngapi. Akaendelea kupangusa. Watoto wa hapa amewakabidhi kwa yule mwanafunzi wake mkubwa, na mlango mweusi wa kabati ameniambia nisiuguse.

Basi kesho baada ya swala ya alfajiri mtakuwa wawili ndani ya gari, na mimi nitakuwa nyuma. Kombo nimeshamwambia aje, na wale wawili wa duka la kahawa. Tutalisukuma tangu pale ukutani mwa Ngome tuliteremshe. Wewe tia gea ya pili, ukanyage klachi, ungoje lipate mwendo, kisha uachie kwa mara moja. Litakohoa, litatoa moshi mweupe mwingi, usiogope. Asubuhi za kwetu hazina baridi ya kulizuia.

Likishika, betri itakuwa bado haina kitu. Usilizime, Rukia, hata kwa kuniaga. Usisimame, usiangalie nyuma, ongeza mafuta kidogo kidogo na uende. Kwa hivyo nakuaga hapa, kwenye karatasi. Nenda salama na mamako. Mimi nitabaki pale barabarani na mikono yangu, na mara hii, kwa kulisukuma, itakuwa michafu.

Babako,
Mbwana